Pampu ya Karabai na Kuku wa Wafula

Matisi, Kitale

Mke wangu mpendwa, Mama Nekesa,

Nakusalimu sana, wewe na watoto. Kifua cha Nekesa kimepona? Mimi ni mzima, bado nabeba magunia ghalani, ila roho yangu si safi na leo nitasema.

Barua yako nimeipata. Mwandiko ni wa Wafula fundi, na najua hii pia ni yeye anakusomea. Asome yote, asiruke.

Ile taa ya karabai niliyokununulia huku imesumbua mara tatu tangu Pasaka hadi ikafa, wala si kosa lako. Pampu imepigwa ribiti badala ya skurubu. Ngozi ya ndani ikichakaa huwezi kuibadilisha, unaambiwa ununue taa nyingine. Ya marehemu baba inafunguka mpaka leo. Hapa Matisi tulikusanya taa kumi na moja zilizokufa hivyo, Jumamosi tukazipanga barazani kwa mwenye duka aliyetuuzia. Akasema, "Hiyo pampu hakuna mtu anaweza kufungua. Si mnunue mpya tu?" Tukamwambia hatununui tena mpaka alete zinazofunguka.

Jana binamu yangu akafika na lori kutoka huko nyumbani Kamukuywa, akasema mbele ya wenzangu: "Taa ya kwako ilihalibika, lakini Wafula alitoboa libiti akatia skurubu. Shemeji akamchinjia kuku."

Barua yako haikutaja kuku. Nikamuuliza binamu, firigisi alikula nani? Akaanza kukagua magurudumu ya lori. Mama Nekesa, firigisi katika nyumba yangu ni ya nani, si ya mwenye nyumba? Sikulala vizuri.

Wenzangu wao wakafurahi, ati Wafula aitwe amfungulie mwenye duka pampu mbele ya watu. Mimi wivu ulinishika. Halafu nikaona, akiwa Kitale hayuko mezani kwangu. Nikakubali.

Sasa Wafula, nasema na wewe. Njoo na tindo yako. Tunakuhitaji kweli, hapa hakuna anayeiweza kazi hiyo. Lakini kabla ya kupanda lori, mpe Mama Nekesa bisibisi, aifungue pampu na kuifunga kwa mkono wake, wewe ukiwa umesimama nje ya mlango.

Mama Nekesa, msalimie mama, na kaka yako mwalimu wa kanisa. Kuku mwingine asichinjwe mpaka nifike.

Ni mimi mume wako, mwenye firigisi,
Baba Nekesa