Karatasi ya Baba Imepatikana

Mtaa wa Garfield,
Eveleth, Minnesota.
Jumapili, 14 Oktoba 2012.

Mpendwa mdogo wangu Ludvik,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Marilee hajambo? Na mgongo wako unaendeleaje tangu ulipoteleza kwenye ngazi za kiwanda? Natumaini mvua ya Kodiak imewapa walau siku mbili za kuanika nguo. Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Magoti yangu yananung'unika kila baridi inapoingia, lakini yananifikisha kwenye jiko la shule na kunirudisha. Theluji ya kwanza ilianguka wiki iliyopita, ikayeyuka kabla ya adhuhuri.

Najua bado umenuna. Tulipozungumza Aprili ulinikatia simu, na nilipopiga tena hukupokea. Nimeona bora niandike. Barua haikatiki katikati ya sentensi.

Kwanza nikueleze mambo ya Februari, maana siku ile nilikwambia nusu tu. Nilitoka saa tisa alasiri kwenda kununua unga, nikakaa dukani dakika arobaini. Niliporudi mlango ulikuwa wazi na kibati cha chakula cha Baba hakipo. Amestaafu mgodini miaka ishirini na moja iliyopita, lakini siku ile alijifungia mkate, akavaa kofia ngumu, akatoka kwenda zamu ya jioni. Miguuni alikuwa na ndara za kitambaa. Baridi ya siku hiyo unaijua mwenyewe, ile inayogandisha kope.

Dereva wa gari la kusukuma theluji alimwona kwenye barabara ya mgodi. Akasimama, akamwuliza, "Mzee Stanko, wapi tena?"

"Kazini. Umechelewa kunichukua, wewe!"

Yule dereva hakubishana naye. Alimpandisha, akawasha kipasha joto mpaka mwisho, akampeleka moja kwa moja hospitali. Waliokoa vidole vyote vya miguu isipokuwa kimoja. Baba aliniuliza mara nne nani amemwibia kidole, na kila mara alikuwa akiniita Pavla, kwa jina la Mama.

Siku hiyo, Ludvik, nilikata shauri. Sitamzika baba yangu kwa sababu nilikwenda kununua unga.

Pale mlimani karibu na kanisa kuna nyumba ya matunzo yenye upande wa watu wanaopoteza kumbukumbu. Milango inafunguliwa kwa namba, na kuna wauguzi usiku na mchana. Bei yake ya mwezi inapita mshahara wangu wa miezi miwili. Nikajumlisha pensheni ya mgodi na malipo yake ya uzeeni, nikajumlisha tena nikidhani nimekosea. Hazikufika hata robo tatu.

Wanawake wa kanisani ndio walionifungua macho, tukiwa tunasukuma unga wa potica, ule mkate wa sikukuu, kwa ajili ya Pasaka. Mmoja akaniuliza, "Kwani baba yako hakuwa jeshini?" Kesho yake nilikuwa ofisi ya kaunti inayoshughulikia wanajeshi wastaafu, mbele ya Bi Verna Drift. Ni mwenyeji wa Bois Forte, alikuwa muuguzi wa jeshi, na hatozi mtu hata senti. Akanieleza kwamba aliyetumikia wakati wa vita, akifika mahali hawezi kuoga wala kuvaa wala kuachwa peke yake, anaweza kuongezewa pensheni ya kumlipia matunzo. Si lazima awe alipigwa risasi. Cha lazima ni hati ya kuachishwa jeshi kwa heshima, maneno ya daktari, na hesabu ya mapato na matumizi yake.

Hapo ndipo nilipokupigia kwa furaha, nawe ukanijibu, "Baba si ombaomba. Na hakupigana hata siku moja. Aliendesha lori, mwenyewe alisema. Waachie waliomwaga damu." Kisha ukakata.

Maneno hayo yalinichoma. Ndivyo alivyotuambia miaka yote. Tukimwuliza habari za Korea alisema, "Niliendesha lori, kulikuwa na baridi," halafu akaongeza sauti ya redio.

Nilijaza fomu hivyo hivyo. Juni likaja jibu kwamba kumbukumbu zake hazionekani, na yaelekea ziliungua katika ule moto wa ghala la kumbukumbu za jeshi huko St. Louis wa mwaka 1973 pamoja na mamilioni ya nyingine. Wakaniomba nilete hati yenyewe kama ninayo. Nikaipekua nyumba kuanzia dari hadi chini. Nilipata vibali vya kuwinda vya mwaka 1958, risiti ya gari letu la kwanza, na ripoti zako za shule, ambazo kwa heshima yako sitazisemea hapa. Hati haikuwepo.

Nikarudi kwa Bi Verna, machozi yakaanza kunitoka mezani pake. Akanisogezea karatasi na kalamu. "Kulia, utalia kwenye gari. Hapa tunafanya kazi. Baba yako alikuwa na nani kule? Nipe jina."

Nilikuwa na jina moja tu. Unakumbuka zile kadi za Krismasi zisizo na maneno ila sahihi? Onni. Katika daftari la anwani la Mama nikampata: Onni Kangasniemi, Maple, Wisconsin. Nikapiga simu nikiwa sitarajii kitu. Ikapokelewa na mzee mwenye sauti ya kokoto.

"Stanko? Yule mpumbavu bado anavuta pumzi?"

"Anavuta, mzee. Ila kumbukumbu zimemtoka."

Nikasikia akivuta kiti. Kisha akasema, "Njoo Jumamosi. Mimi zangu bado ninazo."

Nilikwenda. Alinitengea kahawa na mkate wa iliki aliouoka mwenyewe, akaketi kunitazama kana kwamba ananipima uzito. Nikamweleza yote, pamoja na maneno yako. Ndiyo, nilimwambia. Akacheka kwanza, halafu hakucheka tena. Nitakuandikia kama alivyonisimulia.

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1951, siku mbili kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Baba alikuwa koplo, na Onni alikuwa naye kwenye lori moja. Walibeba bata mzinga walioganda na kreti za bia, karamu ya wakubwa wa makao makuu. Kwenye kona ya mlima wakakuta gari la wagonjwa limekufa injini, na majeruhi kumi na mmoja wamelazwa kwenye theluji. Baba akasimamisha lori.

"Onni, shusha."

"Nishushe nini?"

"Vyote."

"Sajini atatuua, Stanko!"

"Akituua, sisi ni wawili. Hawa ni kumi na mmoja."

Walitupa karamu yote bondeni, wakapakia watu. Baba aliteremka mlima ule na breki moja mbovu, huku mizinga ikipiga ng'ambo. Wawili walifia njiani. Tisa walifika hai. Onni anasema watu wa vijiji vya bondeni walikula bata mzinga mwaka ule zaidi kuliko jenerali yeyote. Baba alivuliwa ukoplo kwa kupoteza mali ya jeshi, akarudi askari wa kawaida mpaka mwisho. Hakuna aliyemshukuru kwa maandishi. Nadhani kila tulipomwuliza, kilichomjia kwanza ni ile aibu ya kuvuliwa cheo mbele ya wenzake, na wale wawili.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiseme tena mbele yangu kwamba aliendesha lori tu.

Nikamwomba Onni aniandikie ushahidi, akakubali. Kisha nikamwambia shida kubwa ni hati, iliungua. Akanishangaa. "Imeungua wapi? Iko mahakamani Superior."

Kumbe mama yake Onni alinusurika kwenye moto mkubwa wa msitu wa mwaka 1918, nyumba na kila karatasi vikateketea, akahangaika miaka kuthibitisha kwamba hata amezaliwa. Tangu hapo hakuiamini karatasi moja. Alimwandikia mwanawe kwamba akitoka vitani asimbusu kabla ya kusajili hati yake mahakama ya kaunti. Waliposhuka treni Superior mwaka 1953, Baba alitaka bia. Onni akamwambia bia baadaye, mama ataniua. Akamburuta, Baba naye akasajili yake.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikaenda. Karani wa usajili, binti mpole, alishuka ghala ya chini akarudi na kitabu kizito kama jiwe la kaburi. Akafunua taratibu. Zupancich, Stanko J., mzaliwa wa Eveleth. Miezi kumi na mitatu Korea. Ameachishwa kwa heshima. Chini kabisa sahihi yake, ile Z yenye mkia mrefu aliyokuwa akitutilia kwenye ripoti za shule. Yule binti alinipigia muhuri wa nakala halisi. Nilipotaka kulipa akasema za wanajeshi hazilipiwi. Nilifika kwenye gari, nikafanya kama Bi Verna alivyoniagiza.

Bi Verna alipoiona karatasi aliipiga picha, akainusa, akacheka. Nikamwuliza nimjibu nini mdogo wangu asemaye tunaomba. Akasema, "Mwambie ombaomba huomba kisicho chake."

Septemba jibu likaja. Wamekubali, na watalipa kuanzia mwezi uliofuata ule tuliopeleka maombi. Haitoshi yote, sitakudanganya. Ukiijumlisha na pensheni zake linabaki pengo, nami nimelifunika kwa kuongeza saa za kazi na kuuza pikapu yake. Piga kelele, ukimaliza uendelee kusoma. Nyumba haijaguswa. Naandika barua hii kwenye meza ya Mama, ile ile yenye alama ya kisu chako.

Tulimhamisha tarehe mosi mwezi huu. Sitaki udhani ilikuwa siku nzuri. Alimpiga muuguzi mkono, akanililia nisimwache kwa watu asiowajua, na mimi nikaondoka. Siku tatu sikuweza kumeza chakula. Sasa ametulia kidogo. Asubuhi anakunja taulo za jengo zima na kuwafokea wanaokunja ovyo. Kuoga bado ni vita. Amenenepa. Mguu umepona.

Alhamisi Onni alikuja, akiendeshwa na mpwa wake. Baba alimwuliza yeye ni nani, akatajiwa jina, hakulijua. Akauliza tena, vile vile. Mara ya tatu Onni akamwinamia sikioni: "Mimi ndiye niliyetupa bata mzinga."

Baba akatazama mlangoni, halafu akamshika mkono. "Nyamaza. Usimwambie sajini."

Walikaa wameshikana hivyo mpaka saa ya chakula. Baada ya hapo hakumtambua tena.

Sasa nije kwenye ombi langu, nami sitalizungusha. Pesa sikuombi. Nakuomba uje. Daktari anasema ugonjwa unateremka ngazi, na kila ngazi haina kurudi juu. Majira ya joto yajayo huenda maneno yakawa yamemwisha. Mwanzoni mwa wiki alimwuliza muuguzi kama mvulana wake ameshatoka shule, na mvulana aliye naye ni wewe tu. Najua unaogopa kusimama mbele yake akakutazama kama mgeni. Mimi hunitazama hivyo kila siku, na bado ninakwenda. Usingoje akukumbuke ndipo uje. Njoo sasa angali anaweza kukuuliza wewe ni nani, umjibu. Akiuliza mara kumi, mjibu mara kumi.

Chumba chako nimekisafisha na kitanda nimekitandika. Niambie siku tu, nitakupokea uwanja wa ndege wa Duluth hata iwe dhoruba.

Nisalimie Marilee sana, na binti yenu Tessa, mwambie shangazi yake amemfumia soksi. Shangazi Albina anakusalimu, na anauliza kama bado unavaa msalaba aliokupa. Binamu yetu kule Duluth, Rudi, naye anakuulizia. Bi Verna hakujui, lakini ananituma nikwambie anakusubiri.

Mungu akushike mkono katika kazi zako, auponye mgongo wako, na alainishe moyo wako kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kukoma,

Corinne