Panya Waliopewa Maji Matupu

Abomey-Calavi,
14 Novemba 2009.

Mpendwa mdogo wangu Dzigbodi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisa? Mimi ni mzima, ila macho yameanza kuchagua vitu vya kuona. Barua yako niliisoma mara tatu. Kila nilipofika kwenye jina la Esinam, niliiweka chini kwanza.

Unasema binti yako tangu ajifungue hajapata nguvu, viganja vimempauka, na kutoka jikoni hadi mlangoni anapumzika mara mbili. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa hospitalini mmevifungia kabatini, mnangoja niwaambie kama ile dawa ya mtama mwekundu aliyokuwa akichemsha Mama imefaulu majaribio. Basi nitakueleza yote, hata ya aibu.

Kama ujuavyo, kazi yangu hapa chuoni ni kutunza panya wa maabara. Daktari Gbènoukpo aliwapunguzia damu panya ishirini na nne, akawagawa makundi mawili. Kundi la kwanza nililinywesha maji mekundu yaliyochemshiwa maganda ya majani ya mtama huo, yale yale ambayo huku hutiwa jibini ipate rangi. La pili nililinywesha maji matupu. Kila wiki tulichukua tone la damu mkiani, tukapima.

Wiki ya tatu wote walikuwa wamepona, sawasawa. Daktari akafunga daftari.

"Mzee, dawa ya mama yako na maji ya bomba ni ndugu."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikahisi kana kwamba amemtukana Mama kaburini.

Kesho yake, nikiosha chupa za kunyweshea, niliona zile za panya wa maji matupu zina duara jekundu ndani. Nikamwita Sènami, mama anayesafisha vizimba.

"Umewapa hawa dawa?"

"Nimewapa, Baba. Ukishaondoka jioni, nawamiminia." Wala hakuona haya. "Wagonjwa wote, halafu hawa wanywe, hawa watazame? Kwenu mlilelewa hivyo?"

"Sènami, hili ni jaribio!"

"Basi jaribu roho yako kwanza."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Sisi je, hatukulelewa hivyo hivyo? Mama alichemsha sufuria moja, ua mzima ukanywa, mgonjwa na mzima, hata jirani aliyekuja kuomba moto. Nimefika miaka sabini nikiapa kwamba dawa ile iliniponya. Leo najiuliza ilimponya nani, maana hakuna aliyewahi kuachwa bila kunywa.

Nilimweleza daktari. Alicheka mpaka akavua miwani. Tutaanza upya Januari, na Sènami amehamishiwa kwa sungura, ambao hawaumwi kitu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, jibu mnalolingoja sinalo. Dawa haikushinda, wala haikushindwa. Hata ikifaulu, itakuwa imefaulu kwa panya. Esinam asingoje. Mpeni vidonge leo hii, kama alivyoelekezwa, kisha arudi kupimwa damu. Mtama msimpe kabla ya kumuuliza daktari wake. Wala asidhani namdharau bibi yake. Nampenda Mama kiasi cha kutaka kujua kweli yake.

Tangu niyakimbie machafuko ya Lomé mwaka 1993, sijauvuka tena mpaka wa Togo, ingawa uko mwendo wa saa mbili tu kwa gari. Mama alipoanza kuishiwa nguvu, mliniandikia. Sikutaka kusema neno nisilo na hakika nalo, nikakaa nikingoja habari zaidi. Iliyofuata ilikuwa ya mazishi. Safari hii nimeandika siku ile ile niliyopata barua yako.

Nisalimie shemeji Yawovi, shangazi Abra, na huyo mtoto mchanga ambaye jina lake hamjaniandikia bado. Mungu awafunike kwa kiganja chake, na amrudishie Esinam rangi ya mikono yake.

Ni mimi kaka yako akupendaye, hata kwa mbali,

Kodzovi