Majina ya Nkambo Ngoie

Kamina, tarehe 16 Octoba 2023

Papa mupenzi,

Jambo yako, na ya baba mukubwa Lumbala. Minyi niko muzima, kikohozi ya safari iliisha. Mugongo yako iko namna gani?

Masomo ilianza. Lakini siku ya posho, ile Jumamosi, hatusomi, basi minyi na rafiki yangu Talitha tunazunguka mu ville, katikati ya muji. Mu soko nilikuwa naogopa kuuliza bei. Leo bamama ya bitenge bananiita kwa jina. Nilimuonyesha Talitha samaki ya kwetu, ile iliyokaushwa vizuri na ile ya haraka haraka, muuzaji akakasirika. Nyuma tunapita kwa bafundi ya cherehani, tunatazama mitindo mupya. Mangaribi iko mupira ku televizyo, bantu banajaa mpaka inje.

Kuliko yote napenda sale kubwa, nyumba ya michezo na mikutano, iko nyuma ya duka ya bitenge ya papa Zuberi, ule wa asili ya Maniema. Siku ya yenga, ile Jumapili, kisha misa, bavijana banacheza teatri, na bazee banasema majina ya sifa ya ukoo kwa Kiluba. Mara ya kwanza nilisimama ku mulango. Sasa kikundi ya teatri inaniambia niingie.

Mutoto wako,
Dorothée


Kinkondja, tarehe 4 Novemba 2023

Mama Dorothée,

Salamu mingi, mutoto wangu. Shee ba nyumbani tuko. Mugongo inauma kidogo, usihangaike. Likoke anapeleka samaki Kamina, njo anakubebea barua hii.

Nafurahi unajua soko. Nunua viatu ya mvua. Mupira, tazama. Bitenge, tazama. Lakini mu sale ya Zuberi usiingie tena, na usiniulize sababu.

Papa yako,
Nday


Kamina, tarehe 20 Novemba 2023

Papa mupenzi,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Aksanti kwa samaki, tulikula yote na Talitha.

Nilikutii yenga moja. Ya pili nilienda kumuaga papa Zuberi, juu haiko vizuri kupotea bila kusema. Akaniuliza, "Weye mutoto wa nani?" Nikasema, "Wa Nday, wa Kinkondja." Akaweka chini kitenge alikuwa anakunja.

"Nday mwenye kusema majina? Bantu walikuwa banasimama mu barabara juu ya kumusikia. Siku moja akaenda, hakurudi."

Papa, niko na miaka kumi na tisa na sijakusikia hata mara moja. Sikuulizi kwa ukaidi. Kikundi inaniomba niseme majina ya ukoo yetu mu mwezi wa pili, na minyi najua jina moja tu, ya nkambo, mama yako: Ngoie. Uniandikie ingine.

Mutoto wako,
Dorothée


Kamina, tarehe 7 Januari 2024

Papa,

Salamu ya mwaka mupya. Likoke alikuja mara mbili bila barua. Anasema uko muzima, ulipokea barua yangu ukaingia nayo mu nyumba. Ile ya uzima, nilimushukuru Mungu.

Mitihani ya kwanza nilipita. Tarehe 18 ya mwezi wa pili nitasimama mu sale. Kama niko na jina moja, nitasema ile moja, na kwa sauti.

Mutoto wako,
Dorothée


Kinkondja, tarehe 26 Januari 2024

Mama Dorothée,

Salamu. Nilianza barua hii mara ine.

Nilikuwa mwanafunzi pale Kamina, kama weye. Siku ya posho moja, habari ikafika ku misioni kwa fonie, ile redio ya kuongelea: mama ni mugonjwa, Nday apande treni. Treni ilikuwa inaondoka ile siku. Lakini kesho yake sale nzima ilikuwa inaningojea. Nikajiambia mama iko na nguvu, nitapanda ingine. Ingine ilikuja kisha siku kumi na moja. Nilipofika, walikuwa wamekwisha kumuzika.

Yaya Lumbala, ndugu yangu mukubwa, aliniambia, "Ulibaki kule kusifu bamama ya bengine." Toka pale sikusema majina tena. Tunaishi lupango moja, nyumba karibu karibu, tunasalimiana, tunakula. Ile neno iko kati yetu.

Nilikuzuia juu ya haya yangu, na haya ile haiko yako. Majina ya mama iko ku kartasi ya pili. Useme polepole.

Papa yako,
Nday


Kamina, tarehe 20 Februari 2024

Papa mupenzi,

Jambo sana. Niko muzima, ila sauti imekauka kidogo.

Talitha alinichagulia kitenge mu soko, fundi Chadrack akaishona kwa siku mbili. Sale ilijaa. Nikasema: "Ngoie mutoto wa Banza, mwanamuke wa ziwa Kisale. Kwake mugeni anakula kwanza, jina anaulizwa nyuma." Bazee wakaanza kuitika. Papa Zuberi, ambaye Kiluba yake ni kidogo, alisimama.

Kisha nikasema kitu ambacho haukuandika: "Majina hii ni ya papa yangu Nday. Alikawia, lakini ameileta." Sikukuomba ruhusa. Ukikasirika, uniandikie.

Mutoto wako,
Dorothée


Kinkondja, tarehe 10 Machi 2024

Mama Dorothée,

Salamu kutoka lupango yote. Sikukasirika.

Nilimusomea yaya Lumbala barua yako. Halafu akauliza, "Pale pa Banza, uliandika namna gani?" Nikaanza kumusomea, kisha nikaacha kartasi, nikasema kwa kinywa. Sauti ilikuwa mubaya, ya mutu mwenye kuamka sasa.

Nikafika katikati, akanisimamisha. "Hapana. Banza njo alimulea mama. Mwenye kumuzaa ni Kyungu, wa Bukama. Weye ulikuwa mudogo, hawakukuambia."

Nikarudia. Akanisimamisha tena, ku jina ingine. Muke wake alituita kula mara tatu, bukari ikapoa ku sahani. Mara ya mwisho nilikuwa nasema na yeye anaitika, na alipoitika, machozi ilikuwa inamutoka, hakuipanguza.

Basi sahihisha, mama: Ngoie mutoto wa Kyungu, alilelewa na Banza. Rudi mu sale, useme vile yaya amesema.

Papa yako Nday, mwenye kuandika,
na papa yako Lumbala, mwenye kusahihisha