Kigurudumu cha Dripu ya Wifi

Jumatatu, 4 Machi

Wifi kaletwa wodini kwetu leo. Yule yule — dada wa aliyekuwa mume wangu! Nilikuwa nampima mgonjwa presha, nikasikia sauti yake mlangoni, ikabidi nianze kupima upya. Amekonda. Mikono haipandi juu ya kifua, binti yake ndiye anayemchana nywele. Daktari anasema kingamwili zake zimemgeuka, zinashambulia misuli yake mwenyewe.

Nimefurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna pa kulisema hili. Nimefurahi sana.

Jumatano, 6 Machi

Nakumbuka vidole vyangu vilivyovimba hadi nikashindwa kukamua nguo. Ilikuwa baridi yabisi, lakini tulikuwa hatujajua bado. Yeye akamwambia kaka yake kwamba nadeka. Akalisema jikoni, akalisema sebuleni mbele ya wageni, na msibani pia hakuacha. Mume akaamini. Nikafungashiwa virago, vidole vikiwa bado vimevimba.

Leo nimemwona akishindwa kuinua kikombe. Nani anadeka sasa?

Ijumaa, 8 Machi

Daktari amemweleza ugonjwa wake, nami nimesimama pembeni nakunja shuka. Kingamwili ina mikono miwili na mkia, kasema. Mikono inamkamata adui. Mkia unaingia kwenye vipokezi vya seli za ulinzi, kama ufunguo kwenye kufuli. Kipo kipokezi kinachosema piga, kipo kinachosema tulia. Kwake mikono imekamata mwili wake mwenyewe, na vya kusema tulia vimezidiwa. Ndiyo mchochoto wote huo, misuli kuwaka na kuuma.

Dawa yake? Kingamwili! Zinakusanywa kutoka damu ya watu wengi wenye afya, anatiwa kwa dripu. Zinajaza vipokezi vya kupiga na kuviamsha vya kutuliza. Kinachowasha ndicho kinachozima.

Wifi kauliza kama itauma. Daktari kasema hapana, ikienda polepole.

Mimi kwa huyu mama kipokezi cha tulia sina. Vyote vinasema piga.

Jumatatu, 11 Machi

Dripu ya kwanza. Nimepangiwa mimi, na sikukataa.

Mashine ya kusukuma dawa imeharibika, tunakadiria matone kwa macho. Kigurudumu cha kubana na kulegeza mrija kinaning'inia juu, usawa wa kichwa changu. Unaanza na matone machache, unaongeza kidogo kidogo. Ukiharakisha, mgonjwa anatetemeka, kichwa kinampasuka. Haiui. Mara nyingi haiui.

Leo nimeifanya vizuri mno. Amelala kama mtoto. Imeniudhi.

Jumanne, 12 Machi

Nimemsikia akimsimulia mgonjwa wa kitanda cha jirani: nesi huyu alikuwa kwetu, akaachika. Basi! Kama anazungumzia sufuria iliyotoboka. Hakusema kwa nini. Hakusema nani.

Kesho dripu ya mwisho.

Jumatano, 13 Machi

Naandika stoo ya mashuka. Mwandiko ni wa haraka, msomaji ni mimi, nitajua kuusoma.

Nilikisukuma kigurudumu. Kidogo — hapana, si kidogo. Nikaenda kunywa maji. Nikanywa taratibu.

Niliporudi kitanda kilikuwa kinagonga ukuta. Meno yanapigana, midomo imekauka, macho yananitafuta mimi. Nikafunga dripu. Nikaita msaada, nikampa dawa inayotakiwa, nikamshika mabega. Mifupa mitupu. Akanong'ona, "Wifi, na wewe ulikuwa unaumwa hivi?"

Nikamfunika shuka. Miaka yote nililitaka swali hilo, na limenijia siku hii!

Matroni akaingia, akatazama chupa. Akauliza nani aliyefungua dawa kwa kasi ile. Nikafungua mdomo, wifi akanitangulia.

"Ni mimi. Nilikivuta kigurudumu mwenyewe, nilitaka iishe mapema."

Matroni akakitazama kigurudumu kule juu. Akaitazama mikono ya wifi juu ya shuka. Asubuhi ni matroni huyo huyo aliyemnywesha chai kwa kijiko.

Akaniambia nikalete blanketi, kisha nirudi nimweleze yeye kilichotokea.

Sijui kama wifi ameniokoa au ameniumbua. Namjua, anaweza yote mawili kwa pumzi moja. Hata kisasi changu kakichukua akakifanya chake! Namchukia. Mabega yale bado nayahisi viganjani.

Blanketi ninalo. Matroni amesimama nje ya mlango wa stoo, naona viatu vyake kwenye upenyo wa chini. Mlango unafungu—