Kompyuta ya Mama Edani

Mkunazini, Unguja

Kaka Turki,

Shikamoo. Natumai wewe, wifi na watoto ni wazima huko Maskati. Huku mama hajambo, eda yake inamalizika Ijumaa. Mimi ndiye nisiyetulia: nnakaa, nnainuka, nnafungua mlango nsijue naendea nini.

Uliniuliza mama anashindaje ndani. Anajifunza kompyuta! Usicheke. Kazini Mwanakwerekwe walitaka kuitupa moja kongwe, nikaichukua nikaitilia Linux, mfumo wa bure wa kuiendesha, na Xfce, ile sura nyepesi ya skrini nnayowafundishia wanaoanza. Mama kusikia bure akaguna kuwa rahisi huvunja upishi. Nikamweleza kuwa imetengenezwa na watu wengi kwa kusaidiana. Kuichungulia ndani ruhusa, kuigeuza ruhusa, kumpa jirani ruhusa. Akasema basi ni kama kisima cha msikiti.

La mwanzo alilotaka ni kuiondoa picha ya maua iliyotanda kwenye skrini. Yumo edani, hajipambi, na kompyuta yake nayo haitojipamba. Nikamwonyesha pa kubonyeza, ikawa nyeupe pe! Toka hapo hakamatiki. Maandishi kayakuza, vitufe vya chini kavipandisha juu. Wanawake wanaokuja kumpa pole sasa wamegeuka wanafunzi wake, wanagombania kipanya. Jirani yetu Bi Mardhiya alifuta faili lake akapiga ukelele, tukadhani kafiwa. Mama akalirudisha kutoka kwenye pipa la taka, akamkaripia aache papara.

Sasa kaka, ile tiketi uliyomkatia mama aje akae kwako. Kila ukiuliza nnakujibu inshallah, kwa woga tu. Mama hataki kuja. Anasema mumewe kazikwa hapa na wanafunzi wake wako hapa, na Bi Mardhiya atahamia chumba cha juu wakae pamoja.

Nikamwambia basi na mimi nitabaki niwaangalie. Ala! Alinigeukia kwa hasira. Akasema ananiona nnavyozunguka nyumba hii tangu baba alipoanza kuugua, hata nikaikataa ile nafasi ya kusoma huko Maskati. Akaniuliza kama nilidhani anahangaika na kompyuta uzeeni kwa kujifurahisha. Kajifunza ili awafundishe yeye wanawake hawa, darasa lisife nikiondoka, na mimi nisiwe na kisingizio cha kubaki.

Nililia, kaka. Wallahi nilifurahi pia, na nnaona haya kufurahi. Nimewauliza chuoni, nafasi bado ipo.

Mama anakusalimu sana, na wifi nisalimie. Ile tiketi, ikiwezekana, ibadilishwe jina.

Mdogo wako akupendaye,
Wafaa