Mzee Nyundo Amekufa Tena

Dada Kabula,

Shikamoo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Na watoto wako, wazima wote? Mimi nipo, ila sipo vizuri. Kwenye simu nasema niko salama kwa sababu nikisikia sauti yako nashindwa kusema jingine. Ndiyo maana barua hii nimempa mwenzetu wa Usagara anayerudi likizo.

Hapa ninapofua mashuka ya hoteli nina wenzangu watatu. Jumapili mchana hukaa mezani wakacheza mchezo wa kujifanya viumbe. Watu wazima na akili zao, Dada. Huyu ni jitu, yule ni mtu wa msituni mwenye masikio yaliyochongoka, na dadu ndilo linaloamua nani apone. Wiki ile mliyomzika Baba, mimi nimekwama huku ugenini kwa sababu ya vibali vya kusafiri, walinivuta nikae nao. Nikachagua kuwa wa jamii ya watu wafupi wenye ndevu wanaochonga mawe, maana kitabu chao kinasema huishi zaidi ya miaka mia tatu. Mtu wangu huyo nikamwita Mzee Nyundo, kama majirani pale Ilemela walivyomwita Baba. Sikuwaambia kwa nini.

Kila tulipoingia pangoni nilisema, "Nagonga jiwe mara mbili, nasikiliza," kama Baba alivyofanya kabla ya kuponda kokoto. Wakazoea, wakawa hawapiti mahali Mzee hajagonga. Miezi minne nimeishi kwa kungoja Jumapili.

Jumapili ya juzi dadu likaangukia moja, namba mbaya kuliko zote, jiwe likamlalia Mzee Nyundo. Marta, anayeongoza mchezo, akasema amekufa, nitengeneze mwingine. Wenzangu wakaanza kugawana vitu vyake: koti, mkate, nyundo. Ndivyo wanavyocheza, hawakuwa na ubaya. Lakini hata matanga hatujakaa. Nikawaomba wamzike kwanza, nikalia mbele yao na kuwaeleza yote.

Wakakubali. Wakachimba kaburi, kwa maneno tu. Nikasema udongo wa kwanza natupa mimi, mtoto wake wa kiume. Marta akanitazama kwa huruma.

"Huwezi," akasema taratibu. "Aliyekufa ni wewe. Hapo kando ya kaburi hupo."

Akatupa yule anayecheza jitu badala yangu, kama Mjomba alivyotupa huko nyumbani.

Sijarudi mezani. Vibali havijatoka na sioni kama vitatoka. Nafua, nalala, naamka nikafue tena. Nimechoka, Dada, na sijui nimwambie nani zaidi yako.

Msalimie Mama, ila usimsomee haya. Msalimie shemeji, na yule jirani yetu muuza dagaa. Mjomba mwambie namshukuru kwa udongo ule.

Nyundo ya Baba naomba msiigawe. Iacheni juu ya jiwe alipoiacha, hata kama kutu itaimaliza kabla sijafika.

Mdogo wako,
Masanja