Aliyenikaribisha Ndani ya Karavani

Euless, Texas, Jumapili, Machi 2019. Manyunyu tangu alfajiri, baridi isiyojua inataka nini, na ndege zinapita juu ya paa bila kuonekana.

Nimekaa dirishani namsubiri mume wangu, Elia, arudi na gari kutoka kazini. Gari tunalo moja, zamu yake ya uwanja wa ndege inaisha jioni, na mimi nina haraka ambayo haina pa kwenda. Ndiyo maana naandika. Nisipoandika nitaosha tena vyombo nilivyokwisha kuviosha.

Jana nilikwenda Houston kukagua karavani ya zamani. Nilirudi nimesema uongo, na uongo huo utamtoa mama wa watu nje kesho asubuhi.

Nina wazimu wa karavani, sikatai. Zile za mviringo za miaka ya sitini, bati la rangi ya fedha na mstari wa kijani ubavuni. Elia huziita mayai. Wenzangu wa kanisani hucheka: umetoka Morogoro kuja Marekani ukalale kwenye trela? Wacheke tu. Mimi nimechoka na nyumba za kupanga, ambamo hata msumari wa kutundikia picha unauombea ruhusa. Nilitaka kitu chenye mlango wangu mwenyewe, hata kama kina matairi.

Hii niliiona mtandaoni, na jana asubuhi tukashika njia. Muuzaji ni mzee wa Kimarekani, mpole, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Alitupokea Sharpstown, mtaa wa Houston, kwenye uwanja ulio nyuma ya karakana yake iliyofungwa siku nyingi. Karavani ilisimama mwisho kabisa, imeegemea uzio. Akasema hakuna mtu aliyeingia humo tangu mwaka wa mafuriko, 2017. Maji hayakuifikia, lakini mkewe alifariki mwaka huohuo, na karavani ilikuwa mali ya mkewe. Alinikabidhi ufunguo kwa mkono ulionyooshwa sana, akarudi kusimama mbali, ametupa mgongo.

Nilimwelewa. Kuna milango ambayo mtu hawezi kuifungua.

Elia akalala chali na tochi yake kukagua fremu. Mimi nilikuwa nimesoma kila kitu kuhusu karavani kuukuu: ukanyage sakafu kwa kisigino kuona kama mbao zimelainika, unuse kama kuna ukungu, ubonyeze kuta kwenye pembe, utazame dari kuzunguka tundu la hewa maana ndiko maji huanzia. Nikapanda kingazi, nikatia ufunguo, na mdomo wangu ukasema, "Hodi!"

Hata sikufikiri. Mkono ukishika mlango wa mtu mdomo unapiga hodi, ndivyo nilivyolelewa, na Texas haijanitoa tabia hiyo ingawa haina wa kuitikia. Watu wa hapa hutuma ujumbe kwamba wako nje. Binti yangu nikimpigia hodi chumbani kwake hujibu, "What?"

Kutoka ndani sauti ya mwanamke ikasema, "Karibu."

Taratibu tu, kama mtu aliye jikoni na mikono yenye unga.

Nywele zilinisimama. Nikajiambia, ni marehemu. Kisha akili ikanirudia kidogo: marehemu gani wa Kimarekani anajua Kiswahili? Hofu ikazidi badala ya kupungua.

"Elia, umesikia?"

"Nini? Fremu ina kutu kidogo tu, iko poa. Ume-check sakafu?"

Nikaingia. Bibi yangu alikuwa akisema sauti usiyoijua usiifuate, na mimi huyo naifuata. Ndani hapakuwa na harufu ya ukungu. Palinukia sabuni na samaki mkavu. Sakafu imefagiwa. Kandambili zimepangwa chini ya benchi, na kwenye pembe ya dirisha la nyuma kuna kitambaa kimesokomezwa. Nikalitazama pazia la kitanda. Likatikisika.

Akatoka mama wa umri wa shangazi yangu mdogo, amefunga kitenge juu ya jaketi zito, amekumbatia begi kifuani. Alijificha aliposikia gari letu uwanjani. Angenyamaza tungekagua na kuondoka tukidhani mzee ndiye anayefagia.

"Pardon, mama," alinong'ona. "Nilisikia hodi, kinywa ikajibu yenyewe."

Nilikaa kwenye benchi. Kiswahili chake ni cha Kongo, laini, na alieleza kwa haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeandaa maneno hayo siku nyingi.

"Nilikuwa ku nyumba ya mutoto ya dada yangu. Manager ya nyumba akasema tuko bengi mule, atabafukuza bote. Basi mi nikatoka. Nikabaambia niko ku mama moja wa kanisa. Ile dirisha ya nyuma haifungake muzuri, njo minapitiaka. Usiseme ku ule muzee."

Nikamwuliza kama ndugu zake wanajua analala wapi. Akatikisa kichwa. Kazi yake ni kusafisha ofisi karibu na hapo, jioni huenda, na mchana hukaa kimya humo ndani.

"Munakuya kuinunua?" akaniuliza.

"Tumekuja kuangalia tu."

"Iko muzuri. Juu haivuji. Ni pale tu ku dirisha maji inaingiaka kidogo, nimetia nguo."

Mtu ambaye nimekuja kununua paa lililo juu ya kichwa chake, ananisifia paa. Nilitaka kulia, nikaona haya kulia mbele ya mtu ambaye halii.

Nikamwambia, twende wote Euless, tuna sebule. Akanitazama kwa huruma, eti mimi ndiye wa kuhurumiwa. "Kazi yangu iko hapa, mama. Na weye sikujue." Nikasema nitarudi. Akasema ndiyo, ile ndiyo anayopewa mtu ambaye hatarudi.

Nje, mzee aliniuliza nimeonaje. Nami, bila hata kupepesa macho, nikasema sakafu imeoza, ukungu umekula kuta, haifai. Elia alinitazama kama mtu aliyeona mkewe akibadilika rangi. Mzee akaitikia polepole, akapokea ufunguo wake. Hakwenda kuhakikisha. Nilijua hatakwenda.

Hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu wa kwetu. Kwetu kitu kikioza hakiendi popote. Gari bovu la baba mdogo lilikaa nyuma ya nyumba mpaka kuku wakatagia kwenye kiti cha dereva, na mpapai ukaota palipokuwa na injini. Nilidhani nikisema karavani ni mbovu, mzee ataacha kuitangaza, ataiacha pale uzioni, na yule mama atapata muda. Nami nikajipongeza kwa ujanja.

Nilimweleza Elia njiani kurudi, tulipofika Huntsville. Alikuwa amenuna njia nzima, na haki yake, safari ya kutwa kwa karavani ninayoisingizia kuoza. Akasikiliza, akazima redio.

"Ungeniambia palepale," alisema.

"Tungekuwa watu wawili mlangoni. Angekimbia."

"Sasa ndo atakaa mle mpaka lini?"

Nikasema Jumamosi ijayo tutarudi na akina mama wa Kikongo wa kanisa letu, wao atawaamini. Elia akaguna. Nilidhani tumemaliza.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi kanisani, kila wimbo ulipopumua, niliisikia. Karibu. Nikifungua friji, karibu. Jirani akifunga mlango wake, karibu. Haikuniogopesha tena. Iliniuma, maana ni miaka mingi sijaitikiwa hivyo, na aliyeniitikia alijihatarisha kwa kuwa na adabu.

Baada ya ibada ukaingia ujumbe wa mzee. Ananishukuru kwa kuwa mkweli. Anasema wengine wangeutumia ubovu huo kumpunja bei. Hawezi kuvumilia kuwaza kitu cha mkewe kikioza pale nje kwenye mvua, kwa hiyo ameita lori, kesho asubuhi linaivuta kwenda kusagwa iwe chuma chakavu.

Ananishukuru kwa kuwa mkweli!

Nilimpigia. Haipokelewi. Nikamwandikia kwamba nilikosea, sakafu ni nzima, nataka kuinunua, asubiri. Kimya. Nikaanza kuandika kwamba kuna mtu ndani, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nikifikiria mzee yule anaambiwa kwamba kuna mgeni kitandani kwa mkewe, sioni atampigia nani isipokuwa polisi. Namba ya simu ya mama yule sina. Sikuuliza. Hata jina sikuuliza, nilikuwa nimeshughulika na ujanja wangu.

Naogopa. Naogopa lori likija asubuhi wakati amelala, naye amezoea kunyamaza akisikia gari. Safari hii atanyamaza kweli.

Hilo ndilo linaloniandama tangu mchana. Kila nikifumba macho naona pazia lile, na nje wanaume wanafunga mnyororo, na ndani mtu ameziba mdomo kwa mkono.

Nimempigia Elia kazini, nikamwambia lazima twende Houston usiku huu. Nilijiandaa kubishana. Alichosema ni, "Chukua na mablanketi. Na chai iwe ya tangawizi, kule kuna baridi." Basi. Mwanaume huyu hunichosha mwaka mzima, halafu siku moja anasema neno kama hilo na ninamsamehe yote.

Binti yangu aliniona natandika shuka kwenye kochi la sebuleni. "Who's coming?" Nikamwambia, mgeni. Mgeni nani? Nikachomeka pembe ya shuka. Akaniangalia kidogo, akaondoa vitabu vyake kochini bila kuambiwa.

Inawezekana yule mama hatataka kuja. Ana kazi yake, ana heshima yake, na mimi ni nani kwake? Mtu aliyemwahidi kurudi na badala yake akamletea lori. Nitamweleza hivyohivyo. Na mzee nitamweleza ukweli wote, mpaka kwamba karavani ya mkewe imefagiwa kila siku na mtu aliyeitunza kuliko sisi sote. Akikasirika, akasirike. Akiita polisi, aite mbele yangu.

Taa za gari zinaingia. Ni Elia, hata honi hapigi, ananijua niko dirishani.

Lori likifika kesho litanikuta nimekaa kwenye kingazi. Mama yule akikubali kutoka, tutatoka wote. Akikataa, na mimi sitoki.